Diski Mbili za Sauti ya Lukresia

Thadeus wa Kibosho hakuwa mtu wa kutulia hata siku za amani. Mwalimu wa kwaya asiyeweza kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa, utamwambia nini? Lakini mwaka ule wa 2006, mkewe Lukresia alipopangiwa kupasuliwa tezi la shingo, jamani, alizidi. Akawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anaingia chumbani, anatoka, anashika waya, anauacha, anasahau alichotaka.

Sababu ilikuwa moja tu. Lukresia alikuwa anaimba sauti ya kwanza, na parokia nzima iliijua sauti ile. Daktari hakuwaficha: mshipa wa sauti unapita palepale penye tezi, tutajitahidi, ila huenda isirudi ilivyokuwa. Miaka miwili Lukresia alikuwa anakataa kisu. Sasa tezi lilikuwa linambana pumzi, tarehe imeshapangwa, na zimebaki siku tisa. Thadeus akaapa kwamba sauti ile haitapotea yeye akiwa hai.

Studio alikuwa nayo, kama mtakubali tuiite studio. Kilikuwa chumba cha mtoto wao Fredy kabla hajaenda Dar: magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, maikrofoni moja, kinanda cha umeme, na kompyuta ya mezani aliyoileta huyohuyo Fredy alipokuja Krismasi. Kwaya za Kibosho na Uru zilikuwa zinakuja kurekodi humo. Kompyuta ilikuwa imejaa mpaka inamgomea.

Akateremka Moshi mjini kutafuta diski ya nje. Gidioni, mwenye duka la vifaa vya kompyuta karibu na stendi, alimtolea mbili. Moja kubwa, nzito, inataka umeme wake wa ukutani. Nyingine ndogo, ya kuingia mfuko wa shati, inatumia umeme wa kompyuta yenyewe.

"Kubwa ina nafasi, mwalimu, tena ina kasi," Gidioni alimwambia. "Ndogo ni ya kubeba."

"Ipi haifi?"

"Zote zinakufa. Ndiyo maana watu wananunua mbili."

Jibu lile lilimchoma. Akatoka bila kuaga, akafika mpaka sokoni, akageuza, akanunua zote mbili. Kesho yake akateremka tena na barabara ile yote ya mashimo, eti kuuliza kama waya aliopewa ndio wenyewe.

Lukresia aliimba nyimbo saba kwa siku tatu, Thadeus akimpigia kinanda. Diski kubwa ilikuwa inavuma, na mvumo ukawa unaingia kwenye maikrofoni. Akaitoa nje, akaiweka juu ya stuli kibarazani, waya ukapita dirishani. Mara mbili alimkatisha mkewe katikati ya ubeti ili akaangalie kama taa ya diski bado inawaka.

"Baba Fredy," Lukresia alimuuliza, "unanirekodi mimi au unairekodi hiyo taa?"

Alisema kwa utani, ila hakucheka sana.

Ikaja kazi ya kupanga. Thadeus alikuwa amepanga folda zake kwa majira ya kanisa: Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka. Nyimbo za mkewe hazikuingia popote. Akaziweka kwenye "Mchanganyiko", akaona ni dharau. Akaandika "Mama Fredy", halafu "Muhimu", halafu "Muhimu Sana". Kila alipobadilisha jina kwenye kompyuta ilibidi abadilishe kwenye diski kubwa, kwenye ndogo, na kwenye daftari. Asubuhi ya kwenda hospitali Lukresia alikuwa ameshavaa na mkoba uko mkononi, bwana yule bado ameinamia kompyuta.

"Ziko sehemu ngapi?" mkewe akamuuliza.

"Tatu."

"Haya. Twende."

Diski ndogo aliipeleka kwa mama yake, Bibi Monica, anayekaa chini kidogo ya migomba yao, ili hata nyumba ikiungua ibaki moja. Aliifunga kwenye mfuko wa plastiki, juu yake kitambaa.

"Shikamoo, mama. Hiki kikae mahali pakavu. Ukungu wa huku ukikiingia, kimekufa."

"Marahaba. Pakavu napajua, mwanangu."

Upasuaji ulikwenda salama. Pumzi ilirudi, Lukresia akawa analala vizuri, anakunywa mtori wake wa ndizi anamaliza. Sauti ndiyo ilitoka nzito, kavu, inakatika katikati ya neno. Daktari akasema wasubiri. Wakasubiri mpaka Pasaka, haikubadilika. Kwenye kwaya hakurudi, na nyimbo zake hakutaka zipigwe nyumbani. "Nitakwambia nikiwa tayari," alisema, na Thadeus hakubisha.

Kabla ya Pasaka hiyo kwaya zilifurika, na kompyuta ikagoma tena. Thadeus aliinuka kitini mara tatu, akakaa mara tatu, mwishowe akafuta nyimbo za mkewe kwenye kompyuta. Wasiwasi wa nini, na diski zipo mbili? Alikuwa sahihi mpaka mwezi wa sita. Huo ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na mchana mmoja ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Diski kubwa ilikuwa imechomekwa ukutani. Ilitoa harufu ya kuungua na haikuwaka tena. Gidioni aliifungua, akaiangalia, akaifunga. "Hii imeshaondoka, mwalimu."

Thadeus alipanda moja kwa moja hadi kwa mama yake. Bibi Monica alikuwa anachemsha maharage.

"Mama, kile kitu changu kiko wapi?"

Bibi Monica akanyoosha mwiko juu. Darini, juu ya meko.

Thadeus akatafuta ngazi. Alizaliwa nyumba ile. Mahindi ya mbegu, maharage ya mbegu, chochote usichotaka unyevu ukiguse, mama wa Kibosho anakiweka darini, moto na moshi vikipite kutwa nzima. Alipaswa kujua kabla hajafungua mdomo. Alipanda, akakuta kitambaa cheusi kwa masizi, plastiki imeyeyuka na kugandamana na diski.

"Si ulisema pakavu?" mama yake aliuliza, na hofu imeanza kumwingia.

"Nilisema, mama. Huna kosa."

Kwa Gidioni diski ile haikuwaka hata taa.

Siku tatu Thadeus alimkwepa mkewe. Akapogoa kahawa isiyohitaji kupogolewa, akapanga upya nyaya zilizokwisha kupangwa. Siku ya nne, Lukresia alimfuata studio, akaketi kwenye stuli.

"Leo niwekee."

Hapo hakukuwa tena na pa kukimbilia. Thadeus alikaa chini, akamweleza yote, kuanzia kufuta mpaka dari la mama yake. Lukresia alisikiliza mpaka mwisho, na machozi yakimtoka hakuyafuta.

"Tarehe walipanga, ila kisu nilikikubali asubuhi ile, kwa sababu uliniambia sauti iko sehemu tatu," alisema kwa sauti ile ya kukwaruza. "Daktari alinibembeleza miaka miwili, sikumkubalia. Nilikukubalia wewe."

"Sikujua, Mama Fredy."

"Basi wewe uliyeisikia humo diskini, nieleze. Ilikuwaje?"

Thadeus alitaka kuinuka, akajizuia. Akamwambia ukweli: kila alipohamisha au kubadilisha jina, alifungua wimbo mmoja mmoja, sekunde kumi za mwanzo, kuhakikisha umeingia. Akafunga, akaenda kwenye unaofuata.

"Na hizo sekunde kumi, nilikuwa naimba nini?"

Lukresia alikuwa hajaanza kuimba. Sekunde kumi za mwanzo, nyimbo zote saba, zilikuwa kinanda tu, na mpigaji alikuwa Thadeus mwenyewe.