Mke Mmoja Amesafiri

Kwetu Kahama, samaki wa chumvi ni yule mkavu, aliyepasuliwa tumbo na kutandazwa sokoni hadi nzi wamchoke. Kwa hiyo shangazi yangu alipotangaza kwamba anafuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni, jirani mmoja alikuja na kikapu na kuuliza kilo anauzaje.

Akaonyeshwa tangi la kioo. Ndani yake waliogelea samaki watatu wa aina ambayo wauza samaki wa mapambo wa Dar es Salaam huiita malaika: dume mmoja mwenye mistari ya kahawia kama pundamilia, na majike wawili wasio na mistari, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, weusi kwenye kingo za mkia. Jirani aliwatazama kwa muda mrefu. "Wadogo," akasema, akaondoka zake.

Mimi nilikuwa nimehamia kwa shangazi ili niandike riwaya. Sura ya kwanza ilikuwa na mvua nyingi sana na hakuna mtu aliyekuwa akila. Asubuhi nilisugua vioo na kukoroga chumvi kwenye mapipa. Jioni niliirudia mvua yangu. Niliwapenda samaki kuliko wahusika wangu, maana samaki walikuwa na wanachokitaka.

Shangazi naye alikuwa na anachokitaka. Marehemu mume wake alimwachia duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Geita. Lilikuwa lake kwa karatasi zote, lakini hakuwahi kuliona. Wachimbaji wana mwiko: mwanamke akikaribia mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Walifunga kamba kulizunguka, na mwenye shimo akawa anasimama nyuma ya kamba pamoja na wauza maandazi, akisikiliza watu wake wakikohoa chini ya ardhi. Mvua zilikuwa zinakaribia. Alikuwa akinunua magogo ya kushikilia kuta za shimo, ambayo wenyewe wanayaita matimba, bila kujua yanashikilia nini.

"Duara likimfukia mtoto wa mtu," aliniambia siku moja akikata vitunguu, "mama yake atakuja hapa kuniuliza. Nitamjibu nini? Kwamba shimo langu nalisikia tu, kama redio?"

Mlinzi mkuu wa ile kamba alikuwa msimamizi wake mwenyewe, Msukuma wa makamo, mpole, asiyevunja mwiko hata mmoja. Kila mwisho wa mwezi alikuja kutoa taarifa. Kabla ya kuketi alivua kofia mbele ya tangi na kumwamkia yule dume: "Mwangaluka, mzee." Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, naye aliitoa hata saa kumi jioni, kwa hoja kwamba samaki hana saa. Aliamini kuwa tangu mzee huyo afike, duara limetulia na linatoa.

"Mwanaume mmoja, wake wawili, na hakuna kelele," alisema. "Nyumba ya namna hii lazima iwe na baraka."

Mzee alikufa kwa kuruka. Tulimkuta asubuhi kwenye zulia, amekauka, sasa kweli samaki wa chumvi. Paka alikuwa ameketi kando kwa heshima ambayo sikuiamini. Shangazi alimfunga marehemu kwenye gazeti akamzika chini ya mpapai, bila hotuba.

Nilidhani wajane watanyong'onyea. Badala yake, jike mkubwa alianza kumfukuza mwenzake kuzunguka mawe, akimgusagusa tumbo kwa mdomo, sawasawa na alivyofanya marehemu. Kisha weusi wa mkia wake ukafifia. Kisha mistari ikaja, hafifu mwanzoni, kama ya mtu anayechora kwa penseli huku akimwogopa mwalimu, halafu ikakolea. Nilikuwa nimesoma kwamba hawa ndivyo walivyo: dume akiondoka, jike mkubwa hushika nafasi kwa mwili mzima, hadi mbegu. Kusoma hakukunisaidia kitu. Nilipiga magoti mbele ya kioo, sifongo mkononi, nikaona mwanga ukimpita ubavuni mstari kwa mstari, na nikampiga picha kila nilipobadilisha maji. Kiswahili hakikulalamika. Alikuwa yeye, akabaki yeye.

Msimamizi alipokuja alivua kofia kama kawaida. "Mwangaluka, mzee." Halafu akahesabu kwa macho. "Mayu," alimwambia shangazi, maana huko mama huitwa hivyo, "mke mmoja yuko wapi?"

"Amesafiri," shangazi akasema.

"Kwao?"

"Kwao."

Akaridhika. Samaki wa baharini, kwao kupo.

Mwezi uliofuata alikuja akitabasamu hadi fizi. Duara lilikuwa limetoa kuliko wakati wowote. Alimwinamia samaki, akamshukuru kwa Kisukuma kirefu ambacho sikukielewa chote. Shangazi alimngoja apate chai, apate na kitumbua.

"Huyo uliyemshukuru," akasema, "ndiye yule mke."

"Mayu, usinitanie."

"Mpe simu aone."

Nikampa simu yangu. Alipitisha picha moja moja kwa kidole kinene: jike mweupe, jike mwenye kivuli cha mistari, mzee. Akazirudia kutoka mwisho. Kitumbua kilibaki hewani.

"Kwa hiyo mwezi mzima nimebarikiwa na mwanamke."

"Na dhahabu ilikimbilia wapi?"

Alifikiri. Ilikuwa haki yake, maana mwiko haukuwa wake peke yake. Watu wote wa chini walimtegemea autunze. "Haikukimbia," akasema polepole, "kwa sababu tayari alikuwa amevaa mistari."

"Kumbe ni mistari tu?"

"Mistari na cheo."

Shangazi aliingia chumbani. Akatoka amevaa shati la mistari la marehemu juu ya suruali yake, mikono ameikunja mara mbili. "Cheo ninacho," akasema. "Kiko kwenye karatasi."

Msimamizi aliziba uso kwa kofia. Nilidhani analia; alikuwa anacheka, na akicheka alitikisa kiti kizima. "Basi huko tutakuita Baba," akasema alipoweza. "Tukikuita Mayu watanifukuza mimi."

"Niite hata mbuzi. Nataka kuona matimba."

Tulikwenda wiki hiyohiyo. Mimi, nisiye na mistari wala cheo, niliachwa nyuma ya kamba na wauza maandazi. Msimamizi aliinua kamba kwa mkono wake. "Pita, Baba," akasema kwa sauti ya kusikika hadi chini, na wachimbaji waliokuwa juu wakatazama viatu vyao.

Shangazi alichuchumaa kwenye mdomo wa shimo. Nilitegemea atatetemeka, au atasema jambo la kuandika. Aliwasha tochi, akamulika, akamulika tena mahali palepale. Gogo la tatu kutoka juu lilikuwa limepasuka, na udongo ulikuwa ukichuruzika nyuma yake kama unga kwenye mfuko uliotoboka.

"Watoe watu."

"Baba, wamebakiza mifuko michache tu."

"Watoe. Hakuna anayeshuka hadi lile gogo libadilishwe na mengine yote yakaguliwe."

Walipanda mmoja mmoja, wamejaa vumbi, wakimpita pembeni bila kumtazama. Alikuwa akiwahesabu kwa midomo. Wa mwisho, mzee mwembamba mwenye taa kichwani, alisimama akatema mate.

"Sasa dhahabu imehama," akasema.

"Ukijua imehamia wapi," shangazi akamwambia, "uniambie tukachimbe huko. Nani ana msumeno?"