Siku niliyochana nailoni ya gari langu ili kiti cha mtoto kikae

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu.

Nimeona humu watu wanabishana eti kiti cha mtoto kwenye gari ni mbwembwe. Ngoja niwape yangu, bila chumvi.

Ilikuwa enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, magari used ya Japani ndo yameanza kumiminika. Mimi mtumishi wa kawaida, naishi Mzumbe, nikapata kagari kangu keupe. Jamani, nililala na funguo chini ya mto!

Fundi makochi pale Moro mjini akanishonea kava za viti, juu yake akapiga nailoni nzito. Zama hizo nailoni haitolewi. Ukikaa inalia, majirani wanajua gari jipya.

Baadaye nikapata kiti cha mtoto kwenye mitumba, kizima, na mikanda yake yote. (Leo sishauri mtu anunue cha mtumba, hujui kimepitia ajali gani.) Binti yangu Neema alikuwa na mwaka na nusu.

Nikakifunga siti ya nyuma kwa mpira wa baiskeli. Nikajiona injinia.

Mama Neema akaja, akakitikisa mara moja tu. Kikateleza kwenye nailoni mpaka mlangoni.

"Baba Neema, mwanangu hapandi hapa. Mikanda ya gari iko wapi?"

Hapo ndo aibu. Vifungio vya mikanda fundi alivishonea chini ya kava, na mimi ndiye niliyemwambia avifiche ili siti ipendeze.

Nililizunguka lile gari weee. Roho inauma, msione hivi.

Kisha nikachukua wembe. Nikachana nailoni, nikachana kava, nikatoa vifungio. Nikapitisha mkanda nyuma ya kiti, nikakikandamiza kwa goti huku nauvuta mpaka kikagoma kucheza.

Mama Neema akatikisa tena. Safari hii likatikisika gari.

Jumamosi tukamrudisha mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kwake Mgeta. Alinitazama nikikaza kiti kwa goti, akanuna.

"Mtoto anapakatwa, baba. Hafungwi kama mbuzi wa mnadani."

"Nisamehe mama, leo atakaa hapo."

Kumkatalia mkwe mnaujua uzito wake. Akakaa nyuma pembeni ya Neema, akapakata kikapu chake cha nyanya.

Tunakaribia kufika, kwenye kona, lori la kabichi likatutokea upande wetu. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote.

Kikapu kikachomoka mapajani kwa bibi mpaka kwenye dashibodi, nyanya kila mahali.

Neema? Kalala. Aligeuza shingo tu, akaendelea na usingizi wake.

Bibi alikitazama kile kikapu, kisha akamtazama Neema kwenye kiti chake.

Kesho yake tunaondoka, akatoka na Neema mgongoni, akaniambia nisogee. Akaweka goti lake kwenye kiti, akakitikisa kwa mikono miwili.

"Haya, kimekaza." Ndo akamkalisha mjukuu wake.

Wakuu, kazini nimepewa vyeti. Hakuna kilichonipa raha kama lile goti la mama mkwe.

Nilichojifunza: kabla gari halijapendeza, hakikisha mikanda ya nyuma inafikika. Neema leo ana watoto wawili, na hawashi gari kabla hajawatikisia viti vyao.

Nyie wa kwenu mliwafunga vipi? Na mwenye nailoni mpaka leo ajitokeze, hatumcheki.