Kamera Isiyofuta Picha

Mwaka jana watu wazima watatu walinifuata, kila mmoja kwa wakati wake, wakakiri makosa ambayo sikuwa nimewauliza.

Sina cheo. Sina sare. Nina kamera ndogo ya mkanda niliyorithi kwa baba mdogo, ya enzi zile picha zinasafishwa studio.

Nafundisha fizikia sekondari, wilayani Biharamulo. Siku za gulio huzunguka nikipiga picha za watu kama walivyo. Mmoja anabishania bei. Mwingine anamsihi mbuzi apande pikipiki.

Watu wa huku hawaogopi kupigwa picha. Ukitumia simu wanakusogelea, "Hebu nione," wakijiona wamependeza, yameisha.

Kamera yangu haina kioo nyuma. Ina kifuniko cheusi tu.

"Picha iko wapi?" aliuliza Avelina, muuza maharage.

"Ndani."

"Naiona lini?"

"Mkanda ukiisha nautuma Mwanza ukasafishwe."

"Basi ifute."

"Haifutiki."

Nilieleza jambo la kiufundi. Kumbe nimetoa tangazo.

Jioni Avelina akaja nyumbani. "Mwalimu, lile kopo la kupimia lilibonyea kitako lenyewe. Nimeshanunua jingine."

Nilikuwa nimempiga picha mbuzi aliyesimama nyuma yake.

Kesho yake Gaudence, mwalimu mwenzangu aliyeomba ruhusa ya ugonjwa siku ya gulio, akanivuta pembeni. "Ile pombe ya ndizi niliinywa kama dawa, bwana."

Huyo sikuwa hata nimemwona.

Wa tatu alikuwa Danstan, mkusanya ushuru. Yeye nilimlenga kweli.

Alikuwa anamhamisha Odeta, muuza ndizi tunayemwita Mama Keza, kutoka pale mlangoni magari yanaposimama, ili shemeji yake apange mitumba. Nyuma ya gulio ni matope. Wateja hawafiki, na ndizi mbivu haimsubiri mtu.

"Hapa ni kwa wenyeji," alisema Danstan. "Nyie mlikuja na wakimbizi."

"Mimi nimezaliwa hapa, bosi. Wewe umehamia juzi kutoka Geita, hata njia ya kisimani huijui."

Watu wakacheka. Danstan akaupiga mkungu teke. Nikabonyeza kamera. Ka.

Siku mbili baadaye alikuwa mlangoni kwangu.

"Mwalimu, ule mkungu niliupiga teke kwa hasira tu. Ile picha inaenda wapi?"

"Mwanza."

"Kwa nani?"

"Kwa fundi."

"Fundi wa nani?"

"Wa studio."

Akatikisa kichwa kama mtu anayefichwa jambo.

Gulio lililofuata Odeta alikuwa palepale mlangoni, na Danstan mwenyewe anamshushia mikungu.

Mkanda ulipoisha nikautuma kwa basi. Fundi akanipigia.

"Mwalimu, mkanda wako mtupu. Ulipoupachika, ncha haikushika. Muda wote ulikuwa unazungusha hewa."

Mimi, mwalimu wa fizikia. Nilichoka.

Wa kwanza kumweleza alikuwa Odeta. Akaweka kisu chini.

"Usimwambie, mwalimu. Akijua tu, narudi matopeni."

"Sitamfuata. Lakini akiuliza sitasema uongo, Mama Keza."

"Basi Mungu amzibe mdomo."

Hakumziba. Gulio la pili Danstan akanisimamisha mbele ya ndizi za Odeta.

"Picha zimerudi?"

Odeta akaacha kupanga ndizi.

"Hakuna picha hata moja," nikasema. "Niliupachika mkanda vibaya, ukatoka mtupu. Wewe haumo, na hakuna mtu mwingine aliyemo."

Danstan akanitazama. Kisha akatabasamu, akanipa mkono.

"Nimekuelewa, mwalimu. Mtu mzima hasemi kila kitu sokoni."

Akamgeukia Odeta. "Mama Keza, hapo ni pako. Wiki ijayo naleta mabati tukuwekee kivuli."

Alipoondoka, Odeta akanichagulia chane nzuri kuliko zote. "Mwalimu, endelea hivyohivyo kusema ukweli."

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba ukweli ukisemwa wazi, mbele ya mashahidi, utakubaliwa. Kauli hiyo naiondoa. Mwenye kosa anayo picha yake tayari, ilishasafishwa, na hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayomshawishi kwamba haipo.

Nimeweka mkanda mpya. Safari hii nimehakikisha ncha imeshika, ingawa sioni gulio lina haja gani na mkanda wenyewe.