Mashine Kumi na Moja za Kwaresma

Watu wengi hapa Ifakara husubiri Pasaka. Mimi kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nasubiri Kwaresma, na sikuwahi kumwambia padri.

Mume wangu alikuwa anakodisha muziki. Harusi, ubatizo, kipaimara, mnada wa mavuno kanisani, kote aliitwa. Aliondoka Ijumaa mchana, akarudi Jumapili jioni, na Jumatatu alilala. Kwa hiyo kwa wiki nilikuwa na mume wa siku nne, na moja kati ya hizo amelala. Nilihesabu mara mbili, jibu halikubadilika. Lakini Kwaresma harusi hazifungwi. Ikifika Jumatano ya Majivu, mume alikuwa wangu mpaka Pasaka.

Wiki hizo alitandika mkeka uani, akatoa amplifaya zake zote kumi na moja, akazifungua. Moja aliiunda mwenyewe kwa vyuma alivyookoteza miaka na miaka, na mjini ilisemekana hakuna sauti kama ile. Washindani wake walishawahi kumhonga mbeba spika wake awaonyeshe ni ipi. Basi akanunua maboksi meusi yaliyofanana, na kila Kwaresma alihamisha matumbo: ya boksi hili yanaingia lile, ya lile yanaingia jingine. Ni yeye tu aliyejua ile yake imelala wapi mwaka huo.

Kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la skrubu. Kila boksi nane, jumla themanini na nane.

"Ziko ngapi?" ananiuliza.

"Themanini na nane."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu mara mbili, baba."

"Basi hesabu nisikie na mimi."

Naanza moja, mbili, tatu, yeye kainamia waya zake anatabasamu peke yake. Nilikuwa nauza mchele sokoni, nina wateja wananisubiri, na bado nilihesabu.

Alifariki mwaka juzi, wakati wa mavuno. Aliugua siku tisa. Tuliongea habari za shamba la Katindiuka, sare za watoto, paa la jiko. Habari za ile mashine hatukugusa. Nani anamuuliza mgonjwa kuhusu amplifaya?

Kwaresma ya mwaka huu akaja mnunuzi kutoka Mkula, mwanaume mwenye simu mbili na haraka moja. Anaanzisha biashara ya muziki, anataka mashine zote kabla Pasaka haijafungulia harusi. Tukavutana asubuhi nzima. Mwishowe tukakubaliana kumi aondoke nazo, moja ibaki kwangu.

"Mama, chagua yoyote unayotaka," akasema. "Nitakuja Jumamosi, kesho yake Matawi."

Ilikuwa Jumatatu. Nilitaka ibaki ile yake, aliyoiunda kwa mikono yake. Na maboksi yalikuwa kumi na moja, meusi, yanafanana kama mapacha wa tumbo moja.

Mimi gunia la mchele sinunui bila kulichoma bambo, nikaona punje za katikati. Nikasema na hizi nazo zitapimwa. Nikamwita fundi mmoja wa mjini, mmoja wa wale wale washindani wa zamani. Wao kwa wao walivurugiana biashara, lakini kwenye misiba walizikana kama ndugu, kwa hiyo ananiita shemeji, nami namwita hivyo hivyo.

"Shemeji, ukichomeka tu kwenye umeme utaunguza hata iliyo nzima," akaniambia. "Zimekaa muda. Unahitaji meza kavu, spika ya kufa, na globu njiani."

Spika ya kufa ni spika isiyo na thamani, ili mashine ikiharibu kitu iharibu hiyo. Ninayo. Globu njiani maana yake umeme upitie kwenye taa kwanza kabla ya kuingia kwenye mashine. Taa ikiwaka kidogo halafu ikafifia, mashine ni nzima. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, ndani kuna kilichogusana, zima.

Meza nilitengeneza mwenyewe. Sebuleni sina nafasi, nikaenda stoo. Nikalaza mlango wa zamani juu ya magunia ya mpunga, manne kila upande, imara kabisa. Siku ya pili meza ilikuwa imeinama. Nikaona labda panya. Kumbe ni mimi: asubuhi nimeuza gunia mbili za upande wa dirishani, kwa mkono wangu, kwa mteja wa Malinyi, tena nikamshukuru. Shemeji alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa kwanza kuuza miguu ya meza yake."

"Bei ilikuwa nzuri," nikamjibu.

Globu nayo ikanisumbua. Niliweka hizi nyeupe za kubana matumizi, ikawa inakonyeza tu kama mtu mwenye vumbi jichoni. Shemeji akasema hapana, inatakiwa globu ya zamani, ile yenye waya ndani, inayounguza mkono. Nikazunguka maduka saba. Wauzaji wananiangalia kama nimeomba taa ya chemli. Wa saba ndiye aliyenielekeza Katindiuka, kwa bibi anayelea vifaranga, kwa sababu vifaranga hawataki mwanga, wanataka joto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua kuku?"

"Nimekuja kununua taa."

Akanitazama, akatazama banda lake, globu mbili zinaning'inia na vifaranga wamejaa chini yake.

"Taa siuzi. Nikikupa moja, nusu ya hawa wanakufa kwa baridi."

"Niazime mpaka Jumamosi. Mchana tu, jua likiwa kali. Jioni nakurudishia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na pumba za kuku wako juu yangu, debe mbili."

"Tatu."

Yule bibi angekaa sokoni tungekuwa tumefilisika wote. Nikampa tatu. Siku tatu nikawa naenda Katindiuka asubuhi kuchukua globu, nimeifunga kwenye khanga kama yai, na jioni nairudisha.

Nikapima. Nimevaa kandambili, mkono mmoja nyuma kama shemeji alivyonifundisha, simu yangu ndiyo inatoa wimbo, ule ule mmoja kwa zote. Nane zikapona. Tatu taa iliwaka kali ikabaki hivyo hivyo, nikazima haraka. Zile nane nikazisikiliza, halafu nikazisikiliza tena kuanzia mwisho. Zote zinaimba vizuri. Hakuna iliyoimba kama yeye.

Ijumaa nikamwambia shemeji ukweli, kwamba nimeshindwa.

"Kwani unatafuta sauti gani?" akauliza.

Nikajaribu kumweleza. Kwamba muziki wake ulikuwa unaingia chini chini, kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa. Halafu unakua, ukumbi unajaa, na wewe hukumbuki ulianza saa ngapi. Hata nikiwa nyumbani napepeta mchele, harusi ikiwa mtaa wa tatu, nilijua ni yeye.

Shemeji aliweka bisibisi yake mezani.

"Hiyo si mashine, shemeji. Hicho ni kidole. Sisi wengine tulikuwa tunafungua sauti kama bomba. Yeye alikuwa anawaangalia akina bibi waliokaa mbele, anazungusha kidogo, anawaangalia tena."

"Na ile aliyoiunda?"

"Imo humo. Nzuri. Haizidi nyingine kwa lolote la maana. Tulishajua zamani, tukamwacha atambe."

"Sasa kama mlijua, alikuwa anahamisha matumbo kila Kwaresma kumficha nani?"

Akashika skrubu moja, akaigeuza geuza.

"Shemeji, fundi hagusi kitu kinachofanya kazi. Kila ukifungua unaharibu. Hata mimi nilimuuliza siku moja, kwa nini unajitesa wiki sita? Akasema nyumbani kuna mtu anahesabu skrubu, nikimaliza mapema atarudi sokoni."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia mpunga ulioanikwa, na mpunga wenyewe nilishauingiza ndani tangu mchana. Miaka kumi na tisa, Kwaresma kumi na tisa, na mimi mtu wa kushtukia uzito wa gunia kwa kuliangalia tu, sikushtuka. Kuna siku nilimwambia fanya haraka. Hizo ndizo ninazozihesabu sasa. Sijui ni ngapi, na hili sitaki kulihesabu mara ya pili.

Jumamosi asubuhi nilirudi stoo, safari hii bila kuwasha chochote. Matumbo yalihama kila mwaka, lakini maboksi hayakuhama. Boksi moja alilipanga juu ya mengine siku zote, usawa wa kifua chake, na sauti yote aliiongozea hapo. Nikapitisha mkono kwenye vitufe vya kuzungushia, boksi moja baada ya jingine. La tisa, kitufe kikubwa kilikuwa kimelika, namba zote zimefutika. Lilikuwa mojawapo ya yale matatu mabovu.

Mnunuzi akaja na gari. Nikamwonyesha manane mazima, na mawili mabovu nikayataja mabovu, bei ikashuka kidogo. Akayapakia. Akaliona lile nililoweka pembeni.

"Na hilo?"

"Hilo langu. Bovu."

"Mama, umepewa kuchagua kati ya kumi na moja, umechagua bovu?"

"Ndiyo."

Akasimama akanitazama. Nikaona akili inavyofanya kazi, maana hata yangu ingefanya hivyo hivyo: huyu mama wa sokoni, mjanja hivi, hawezi kubaki na bovu bure. Hilo ndilo lenyewe, lenye ile mashine inayosifiwa mjini.

"Niuzie. Nakupa bei ya zima."

"Haliuzwi."

"Bei ya mazima mawili. Sijalipima, sitaki kulipima, sitakurudishia."

Maisha yangu yote nimengoja mteja wa namna hiyo. Jirani aliyekuwa anachota maji bombani kwangu aliacha ndoo ikafurika.

"Kaka," nikamwambia, "nenda. Barabara ya Mkula mvua ikinyesha utasukuma gari."

Aliondoka analalamika, ana uhakika nimemzidi kete. Shemeji aliyesaidia kupakia akaniuliza kama alifungue atafute kilichogusana, maana ni kazi ya siku moja. Nikamwambia afungue, ila kitufe kile asikipanguse wala asikibadilishe. Akaenda nyumbani kwake kuchukua risasi ya kulehemu.

Nikabaki nalo stoo. Nikaweka kidole changu pale palipolika. Pamelika upande mmoja, upande wa gumba. Kidole changu ni chembamba, hakikujaa.