Mtu Mmoja si Mkutano

Rosebella Namalwa aliacha netiboli siku goti lake la kulia lilipogeuka uwanjani. Kabla ya hapo alicheza katikati kwenye timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo mjini Eldoret, alikokuwa akifanya kazi, na sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Akiitisha mpira, hata walinzi wa lango walimsikia. Goti liliuguzwa katika hospitali ya misheni kule Plateau, ambako muuguzi mmoja alimfundisha kulinyoosha na kulikunja, kila siku kidogo, hadi akaweza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Aliporudi kazini alikuwa ameupenda ule ufundi wa kurudisha kiungo kuliko alivyowahi kupenda mpira.

Wenzake wa idara ya kushona walikuwa wakilalamika migongo. Kuinama juu ya cherehani tangu asubuhi si mchezo. Namalwa aliwaambia wakae naye kidogo baada ya zamu ya mchana, kwenye ukumbi wa kanisa lililokuwa karibu. Mara ya kwanza walikuja watatu. Kufikia mwaka wa 1986 ukumbi ulikuwa umejaa: Wabukusu, Waluo, Wakalenjin, wengine wamevaa suruali za waume zao chini ya rinda ili waweze kuinua miguu bila aibu. Redio hawakuwa nayo, kwa hiyo waliimba. Namalwa alianzisha, wao wakaitikia, na mikono ikapanda na kushuka kwa wimbo.

Mbali na hao, alikuwa na mtu mmoja wa peke yake. Maryam, mke wa Osman, Msomali mwenye malori, alikuwa na kisukari na miguu iliyokufa ganzi. Daktari alimwambia asikae tu ndani, lakini Maryam hangeweza kuruka ruka mbele za watu. Jirani mmoja akampelekea habari za mwalimu wa kiwandani. Basi Jumamosi Namalwa alikwenda kwake, mapazia yakafungwa, na wanawake wawili wakafanya mazoezi juu ya zulia huku Sahra, dada yake Osman, akiwatazama kutoka mlangoni kwa jicho lisilopenda.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Benta alipokuja na habari za kozi. Benta alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya wasichana na alikuwa na marafiki Nairobi.

"Namalwa, sasa wanataka watu wenye vyeti," alisema. "Kuna kozi ya wiki mbili. Vyeti ni viwili. Kimoja ni cha kufundisha mtu mmoja mmoja, unampima, unampangia mazoezi yake. Kingine ni cha kuongoza kundi."

"Nitafanya vyote."

"Huwezi. Madarasa yote yanakwenda saa zile zile. Unachagua moja, na jina lako lazima nilipeleke mwisho wa mwezi."

Likizo ya Namalwa ilikuwa wiki mbili tu kwa mwaka. Akasema kwa haraka kwamba atachukua la kundi, na jioni ile alikwenda nyumbani akiwa mwepesi. Kundi ndilo lililokuwa furaha yake. Alipokuwa mbele ya wale wanawake na ile sauti yake ikagonga paa la mabati, alisahau goti.

Wepesi ule haukudumu. Siku chache baadaye, wakiwa katikati ya wimbo, mwanamume mwenye koti la kijivu aliingia ukumbini bila kubisha. Sauti zikafifia, wa nyuma kwanza, halafu wa mbele.

"Nani mkubwa wa mkutano huu?" aliuliza.

"Si mkutano," alisema Namalwa. "Ni mazoezi."

"Nauliza leseni."

"Hatuna. Ni mazoezi ya mgongo tu, bwana. Hawa wote ni wa kiwandani."

Mtu yule aliwatazama mmoja mmoja. "Watu wengi namna hii wakikusanyika na kuimba, mama, huo ni mkutano. Mnaimba nini?"

Ulikuwa wimbo wa harusi, lakini katika wakati ule hata wimbo wa harusi ulionekana kuwa kitu cha kuelezwa. Mwanamume akauliza jina la Namalwa, jina la mume wake, na mahali mume anapofanya kazi. Hakuandika. Aliyarudia polepole kwa mdomo, kisha akaondoka.

Mwaka ule watu walikuwa wakichukuliwa na askari kwa kushukiwa siasa. Mwalimu mmoja wa sekondari aliondolewa darasani na hakurudi, na kila mtu mjini alijua na hakuna aliyeuliza. Namalwa alipofika nyumbani alisimulia yote, akaona rangi ya uso wa mume wake ikibadilika. Elphas Wepukhulu alikuwa karani katika ghala la mahindi, mtu mpole aliyependa chai yake na kimya chake.

"Alitaja ghala?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyetaja. Aliniuliza."

Elphas aliinuka akafunga dirisha, ijapokuwa jua lilikuwa bado halijatua. "Mama Nanzala," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "chukua ile kozi ya mtu mmoja. Mtu mmoja si mkutano. Hakuna askari atakayekuja nyumbani kwa Osman kuuliza leseni."

"Na wale wanawake?"

"Wale wana nyumba zao. Wewe una hii."

Tangu siku hiyo Namalwa hakutulia. Kazini alishtuka kila msimamizi alipomwita, na mara mbili alishona mkono wa shati upande usio wake. Alijiambia atachagua mtu mmoja, akaona haya, kwa sababu aliona anakimbia. Kisha alijiambia atachagua kundi, akamwona Elphas anatolewa ghalani mikono ikiwa nyuma. Benta alipomtuma mtu kuhakikisha kama bado ni la kundi, Namalwa alijibu kwamba asipeleke jina kwanza.

Jumamosi alikwenda kwa Maryam kama kawaida, akishukuru kwamba huko angalau hakuna wa kumtisha. Maryam alikuwa amechelewa kuamka. Walianza kwa kunyoosha mabega, halafu kutembea papo hapo wakiinua magoti. Namalwa, ambaye mawazo yake yalikuwa ukumbini, aliendelea kuhesabu na kuhimiza bila kumwangalia vizuri. Alipogeuka alimkuta Maryam ametota jasho usoni, midomo inatetemeka.

"Mama Hassan, tupumzike?"

Maryam alitamka maneno ambayo hayakuwa Kisomali wala Kiswahili, akaketi zuliani kama mtu aliyesukumwa.

Sahra aliingia mbio. Alimshika wifi yake kichwa, akamwita mara tatu, kisha akaelekea jikoni akarudi na kikombe cha chai ya maziwa.

"Ina sukari?" aliuliza Namalwa.

"Ndiyo, yangu mwenyewe."

"Usimpe. Ana ugonjwa wa sukari, utamwongezea."

Sahra alisimama na kikombe mkononi. Wanawake wale wawili walitazamana, na macho ya Maryam yalikuwa yanaanza kupinduka. Namalwa alijaribu kukumbuka kitu chochote alichowahi kuambiwa juu ya ugonjwa ule, akakuta hajui lolote ila lile moja ambalo kila mtu analijua, kwamba sukari ni sumu. Sahra ndiye aliyeamua. "Anakufa huyu," alisema, akapiga magoti akaweka kikombe midomoni mwa Maryam, tone kwa tone, akimpangusa kidevu. Namalwa alitaka kuuondoa mkono ule. Hakuuondoa, na baadaye alishindwa kusema ni busara au ni woga tu.

Baada ya muda Maryam alifumba na kufumbua macho, akauliza kwa nini wamemwinamia.

Daktari aliyeletwa na Osman aliuliza maswali mafupi. Mgonjwa alikuwa amemeza dawa asubuhi bila kula, halafu akafanyishwa mazoezi. Sukari ilikuwa imeshuka, haikupanda. Ile chai, alisema daktari, ndiyo iliyomrudisha. Osman hakumfokea Namalwa. Alimsindikiza hadi getini na kumwambia kwa adabu kwamba watampumzisha mgonjwa, na Jumamosi ijayo asijisumbue.

Kutoka hapo Namalwa alikuwa na hofu mbili, na ya pili iliifunika ya kwanza. Yule mtu wa koti alikuwa na uwezo wa kumdhuru yeye. Lakini yeye mwenyewe, kwa mikono yake na sauti yake nzuri, alikaribia kumwua mtu aliyemwamini. Na ukumbini je? Wangapi kati ya wale walikuwa wanameza dawa asizozijua? Alikuwa hajawahi kumwuliza hata mmoja.

Alimtafuta Benta shuleni kwake. "Andika la mtu mmoja," alisema.

"Ni kwa sababu ya yule askari kanzu?"

"Andika tu, Benta."

Swali lile lile lilimngojea kazini. Chepkoech, fundi mkongwe kuliko wote katika idara, mwanamke mrefu wa kutoka Kapseret, alimfuata kwenye bomba la maji.

"Nimesikia unatuacha. Unatuacha kwa kumwogopa yule mtu?"

Namalwa alifikiria kusema la, akaona haitakuwa kweli. "Ninamwogopa. Lakini nilichomfanyia yule mama wa Kisomali ninakiogopa zaidi. Nikiwa na watu wengi mbele yangu, yule anayeanguka simwoni. Nataka kwanza nijue kumwona mtu mmoja."

Chepkoech alikinga maji, akanywa, akajipangusa. "Haya. Lakini usiende Nairobi ukituacha na jina baya. Twende kwa D.O. tumwambie wenyewe tunachofanya, kabla hajaambiwa na wengine."

Namalwa hakumwambia Elphas. Walikaa kwenye benchi la ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, tangu asubuhi, katikati ya watu wa kesi za mashamba. Mara mbili Namalwa aliinuka ili aende zake, na mara mbili Chepkoech alimvuta sketi. Walipoitwa, D.O. alikuwa anasoma gazeti. Walieleza. Migongo, cherehani, ukumbi, nyimbo.

"Nyimbo gani?"

"Za harusi. Za kanisa. Yoyote yenye mwendo mzuri," alisema Chepkoech.

"Imbeni."

Walitazamana. Sauti ya Namalwa, ambayo haikuwahi kumkosa uwanjani wala ukumbini, ilitoka nyembamba kama ya mgonjwa. Chepkoech aliitikia. Waliimba ubeti mmoja wakiwa wima mbele ya meza, mikono imebana mapajani. Karani alichungulia mlangoni, akarudi.

D.O. alikunja gazeti. "Mchungaji anajua?"

"Anajua, bwana."

"Wageni wasiingie. Hotuba zisiwepo. Mimi sijawaruhusu, na sijawakataza. Nendeni."

Huko nje hawakujua kama wafurahi. Chepkoech alisema kwamba kutokatazwa kunatosha. Namalwa hakuona hivyo, lakini hakuwa na njia nyingine. Elphas alipopata habari, siku mbili nzima alikwenda ghalani bila kunywa chai. Siku ya tatu alimletea mkoba wake mwenyewe wa safari, akauweka kitandani.

Nairobi alijifunza kuuliza kabla ya kugusa. Umekula nini, unameza dawa gani, uliumia wapi, mama yako aliugua nini. Alijifunza kusikiliza mshipa wa mkono na kuangalia rangi ya kucha. Darasa la kundi lilikuwa ng'ambo ya ukuta. Muziki wao ulipenya, na vishindo vya miguu yao, naye mara nyingine aliacha kuandika akasikiliza. Usiku wa mwisho hakulala vizuri. Alipewa cheti, akakifunga ndani ya leso, akarudi Eldoret.

Hakuthubutu kwenda kwa Osman. Ni Sahra aliyemjia, akamkuta anafua.

"Miguu ya Maryam imerudi kuwa mibaya," alisema. "Anakutaka wewe. Mimi sikutaki, lakini anayeumwa ni yeye."

"Nitakuja. Nawe ukae chumbani nasi, si mlangoni."

"Nilikuwa nimeshaamua kukaa," alisema Sahra.

Maryam hakupona, kwa sababu ule si ugonjwa wa kupona. Lakini baada ya mvua mbili aliweza kutembea kutoka nyumbani hadi dukani kwa kaka yake bila kushikwa, na watu wa mtaa wakawa wanamwita Namalwa kwa wazee wao. Kila nyumba mpya ilimnyima usingizi siku ya kwanza.

Kundi liliongozwa na Chepkoech. Lilipungua, kwa kuwa wengine waliogopa na wengine walichoka, naye Chepkoech alikuwa anainama vibaya kiasi kwamba Namalwa, akisimama safu ya mwisho kama mwanafunzi, aliuma meno. Baada ya wimbo Namalwa alipita kwa kila mmoja akiuliza kwa sauti ya chini juu ya dawa na chakula. Yule mwanamume wa koti la kijivu alionekana tena mara moja, amesimama ng'ambo ya barabara anakula mahindi ya kuchoma. Hakuvuka. Hawakujua kama ni D.O. aliyemzuia, au alikuwa na njaa tu siku ile.

Mwaka wa 1990 Benta alileta habari kwamba kozi ya kundi itafanywa tena, na kwamba safari hii jina la Namalwa analiweka la kwanza. Namalwa alimwomba ampe siku chache za kufikiri. Kisha akaenda jikoni kumwandalia chai, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji, akijiuliza kama sasa angeweza kumwona yule anayeanguka katikati ya wengi.