Netiboli, sapu ya hisabati na Jumamosi za Mama Winfrida

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa, shikamooni.

Siku ninayotaka kuwasimulia, nyumbani kwetu Kituntu tulikuwepo mimi, mdogo wangu Adventina, kochi wa chuoni kwao, Madam wa taaluma, na jirani yetu Mama Winfrida, aliyekuja kuazima panga akakaa. Wote wapo hai, nikiongeza chumvi watanisuta.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu na kibanja cha migomba na kahawa. Sijutii. Adve ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo, anasomea ualimu.

Huko akawa mfungaji wa timu ya netiboli. Yule binti akisimama chini ya goli, mpira haurudi.

Shida ikaja kwenye hisabati. Akapata sapu, mtihani wa kurudia. Akifeli tena ana-disco, anaondolewa chuo, ualimu umeishia hapo. Na sapu ilipangwa wiki ileile ya mashindano ya vyuo kule Kyerwa.

Nikaitwa chuoni kama mlezi. Sikwenda. Kahawa ilikuwa juani na mawingu yanazunguka, mkulima atanielewa. Basi Madam, kochi na Adve wakapanda pikipiki wakaja wenyewe.

Nikawatolea kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni haanzi mazungumzo kinywa kikiwa kitupu. Kikapu kikazunguka.

Madam akaanza: "Projestus, mlezi ni wewe. Mwambie aache mpira mpaka afaulu."

Kochi akaruka: "Waitu Madam, ukimtoa huyu, Kyerwa tunaenda kupiga makofi tu."

"Kochi," Mama Winfrida akamkatiza, "unatetea mpira huku unamaliza kahawa. Waachie wenzako."

Tukacheka. Adve hakucheka, alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi, wakuu, nilikuwa tayari kusema mpira basi.

Bahati nzuri Madam akamgeukia: "Hebu nieleze wiki yako inavyokwenda."

Asubuhi darasani. Jioni mazoezi, halafu anajisomea. Jumamosi na Jumapili... akainamia kikapu cha kahawa.

"Jumamosi unafanya nini?"

"Nakuja nyumbani, Madam. Nachuma kahawa, nakata nyasi za kutandaza kwenye migomba. Kaka yuko peke yake, wadogo wako bweni."

Madam akashusha pumzi. Kumbe Jumamosi ndiyo wenzake wanakaa kwenye makundi kufanya hisabati. Na mimi kila nikimwona anaingia na kitenge chake cha shamba nilikuwa nafurahi, nawaambia watu chuo hakijambadilisha.

Mama Winfrida akaweka panga chini. "Mnausakama mpira bure. Kinachomla huyu binti ni kibanja."

Akatugeukia mimi na Adve.

"Sasa sikieni. Mpaka sapu ipite, nitakuja mimi badala yake. Wewe Adve, nikikuona huku Jumamosi nakurudisha na fimbo. Na wewe Projestus utanirudishia siku kwa siku, shambani kwangu. Asante yako kaa nayo, mimi nataka jembe."

Madam akakubali Adve acheze, mradi kwenye kundi la hisabati asikosekane. Kochi akapunguza mazoezi. Alikubali huku bado anatafuna.

Wiki ya mashindano ikafika. Adve alifanya sapu kwanza, ndipo akaifuata timu. Mimi na Mama Winfrida tulisimama nyuma ya goli, yeye akimsema refa kwa Kinyambo chetu bila kupumzika. Walitolewa nusu fainali.

Matokeo ya sapu yalipotoka, Adve akanipigia simu. Alisema neno moja tu: "Nimepita." Nikakaa palepale kwenye nyasi.

Nilichojifunza: mwanafunzi mchezaji anaweza kubeba masomo na mazoezi akipangiwa vizuri. Mzigo wa tatu ndio unaomwangusha, na mara nyingi huo wa tatu ni sisi wa nyumbani tunaompenda. Kabla hujamwambia mdogo wako aache mpira, muulize Jumamosi yake inaenda wapi.

Mliocheza mkiwa chuo, nyumbani mlibebeshwa nini? Andikeni hapa, nitawasoma jioni.

Sasa hivi natoka. Jumamosi za Mama Winfrida nimeshaanza kuzirudisha ila bado zipo, na leo kaniambia nivae mabuti. Ananipeleka bondeni, kwenye magugu.