Fomu Ambayo Anastazia Hakuisaini

Anastazia wa Issuna ndiye aliyemlea mdogo wake Laurian tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kukamua alizeti. Laurian alipokua akaenda kuchimba dhahabu Sekenke, akarudi anavuta unga. Nyumba ikakosa amani. Zilianza kupotea sufuria, yakafuata mashuka, na Jumapili moja, Anastazia akiwa kanisani, mota ya mashine ya alizeti ikang'olewa ikauzwa.

Laurian alipokamatwa na kete mbili za unga pamoja na rafiki yake Simeoni, afisa ustawi wa jamii aitwaye Aneth alimfuata Anastazia nje ya mahakama, fomu mkononi. Hakimu, alieleza, yuko tayari kuwapa vijana hao kifungo cha nje, mradi kila mmoja apate ndugu wa kumdhamini na kuishi naye Dodoma, awe anakunywa methadoni, dawa ya kuachisha unga, katika kliniki ya huko kila siku.

"Huyu ni mgonjwa, dada yangu."

"Mgonjwa gani anaiba mota?"

Laurian alikuwa karibu, amefungwa pingu, anatetemeka. "Dada, nisainie. Mara hii tu."

"Kafungwe," Anastazia akasema. "Huko watakunyoosha."

Mama yake Simeoni alisaini, akafunga kibanda chake cha mboga, akahamia Dodoma na mwanawe. Laurian akala miaka miwili.

Alitoka amenawiri. Anastazia alimchinjia kuku, akawatambia majirani kwamba jela imemponya. Siku ya tisa Laurian aliaga anakwenda gulioni. Walimkuta nyuma ya vibanda, mwili umeshapoa. Daktari alisema alivuta kiasi kilekile cha zamani, na baada ya miaka miwili bila unga mwili ulikuwa hauwezi tena kukihimili.

Simeoni alikuja kuzika, shati limepigwa pasi. Siku hizi ni fundi baiskeli. Mchana tu akaaga.

"Mbona mapema hivyo?"

"Kesho asubuhi natakiwa kliniki, dada. Huwa sikosi."

Anastazia alimsindikiza hadi barabarani. Njiani akamuuliza hiyo dawa ikoje.

"Kikombe kidogo tu. Unakunywa mbele ya nesi, unakwenda zako kazini."

"Basi?"

"Basi, dada."

Aliporudi, wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walimuuliza kijana yule ni nani.

"Walikamatwa pamoja na Laurian," alijibu. "Mama yake alimsainia."